Namna ya Kuchagua Shirika la Ndege Ukiwa na Bajeti Ndogo: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Kesi ni ileile kila mara. Mtu kakesha siku tatu anatafuta tiketi, kapata nauli ya kushangaza, kalipa haraka isije ikapanda, alafu siku ya safari unamkuta getini kapiga magoti anafungua begi mbele za watu, anavaa jaketi juu ya jaketi kwa sababu begi limezidi sentimita tano na hela anayodaiwa inakaribia nauli yenyewe. Mwingine kashuka kwenye ndege ndio anagundua mji aliokuwa anaenda uko zaidi ya kilomita mia kutoka pale. Hawa sio wazembe, wengi walitafuta kwa bidii kweli. Shida yao ni kwamba walilinganisha namba moja tu, ile inayotokea ya kwanza kwenye simu, na ile namba ni bei ya kiti. Safari nzima ina bei nyingine.

Kwahiyo kuna swali moja litakalorudi humu kila hatua: ukijumlisha kila kitu kuanzia mlango unaotoka mpaka mlango unaoenda, alafu ukafikiria na siku ambayo mambo yameharibika, shirika gani linabaki kuwa rahisi? Mara nyingi sio lile lililokuwa juu kabisa kwenye orodha. Saa ingine ni hilohilo, na ukishahakikisha unalipa ukiwa na amani.

Usiruke hatua. Kila moja inapunguza orodha ili inayofuata iwe nyepesi.

## Vitu vya kuandaa kabla hujaanza

- Pasipoti yako mkononi, sio kwa kukumbuka. Utahitaji jina lilivyoandikwa herufi kwa herufi, na tarehe ya kuisha.
- Begi lenyewe utakalosafiri nalo, likiwa limepakiwa au karibu kupakiwa. Pima na mizani, alafu pima urefu, upana na kina kwa futi ya fundi cherehani. Magurudumu na mshikio vinahesabiwa, usiviache nje.
- Daftari au karatasi yenye mistari. Utachora jedwali dogo, na kichwa hakiwezi kushika mashirika sita na ada zao zote.
- Kadi ya benki inayokubali malipo ya mtandaoni, na kama benki yako ina utaratibu wa kudai hela irudi pale huduma isipotolewa, uliza mapema unafanyaje.
- Imeli yako mwenyewe unayoifungua kila siku. Sio ya rafiki, sio ya wakala.
- Masaa mawili ya utulivu. Tiketi nyingi mbovu zinanunuliwa usiku wa manane mtu akiwa na usingizi.

## Hatua ya 1: Andika safari yako kabla hujafungua simu

Andika mambo manne: unatoka wapi na unaenda wapi hasa (mtaa au kituo, sio jina la mji tu), tarehe unazoweza kusogeza na ambazo huwezi, begi lako lina kilo ngapi na vipimo gani, na saa ambayo ukiipita umeharibikiwa. Hii ya mwisho watu wanaidharau sana. Anayeenda likizo akichelewa masaa sita atakasirika tu, lakini anayewahi mtihani, usaili, harusi au mazishi hana pa kurudi, kwahiyo hawa wawili hawawezi kuchagua shirika kwa kipimo kimoja hata kama wanaenda mji mmoja siku moja.

Ukianza na simu badala ya karatasi, bei ndio itakupangia safari. Utaona nauli ya chini ya saa kumi alfajiri, utasema nitajua huko mbele, na huko mbele ndiko kwenye gharama.

## Hatua ya 2: Kusanya mashirika yote yanayoruka njia yako

Anza na mitandao ya kulinganisha kama Google Flights na Skyscanner. Weka tarehe zako, alafu angalia na kalenda ya mwezi mzima, maana kusogeza safari siku moja mbele au nyuma kunaweza kupunguza nauli kuliko ujanja mwingine wowote utakaousikia.

Ila usiishie hapo. Sio kila shirika linaonekana kwenye kila mtandao wa kulinganisha, na mashirika ya nauli ndogo ndio yanayokosekana zaidi. Njia ninayoipenda ni hii: fungua ukurasa wa Wikipedia wa kiwanja unachoenda, kwenye ule wa Kiingereza kuna jedwali la mashirika yote yanayotua pale na miji wanayotokea. Fanya hivohivo kwa viwanja vya jirani. Alafu nenda websaiti ya kila shirika uhakikishe, maana majedwali hayo yanaweza kuchelewa kurekebishwa.

Angalizo kwa mnaosafiri wawili au zaidi: tafuta kwanza kwa mtu mmoja. Ndege moja inauzwa kwa mafungu ya bei, na kama fungu la chini limebaki kiti kimoja na wewe umeomba vitatu, kawaida mfumo unakupa vyote vitatu kwa bei ya fungu la juu. Ukiona bei ya mtu mmoja iko chini ya bei ya kila mtu mkiwa watatu, nunua kimoja kwanza alafu viwili. Hasara yake ni kwamba mtakuwa na tiketi mbili tofauti, mabadiliko yakitokea mnaweza kutenganishwa, kwahiyo kwa familia yenye watoto wadogo mi nisingefanya.

Ukimaliza uwe na majina kati ya matatu na manane kwenye karatasi, na hujalipa senti.

## Hatua ya 3: Chuja usalama (dakika kumi tu)

Nauli ndogo haimaanishi ndege mbovu. Ryanair, easyJet, Wizz Air, Southwest, AirAsia wanarusha Boeing 737 au familia ya Airbus A320, ndege zilezile wanazotumia mashirika makubwa, na wanakaguliwa na mamlaka zilezile za anga. Hela wanaiokoa kwenye mambo mengine: viti vimesogezwa karibu, ndege haikai chini muda mrefu, wanatumia viwanja vya ada ndogo, na chochote nje ya kiti kinauzwa pembeni.

Cha kufanya ni kuangalia sehemu mbili. Umoja wa Ulaya unatoa orodha ya wazi ya mashirika yaliyopigwa marufuku au kuwekewa mipaka kuruka kwenye anga lake, na ukikuta shirika lako humo, futa, hata kama wewe huendi Ulaya. Ya pili ni rejista ya IOSA, ukaguzi wa usalama wa uendeshaji unaosimamiwa na IATA (chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege), ambayo nayo iko wazi mtandaoni na unatafuta kwa jina. Kukosekana IOSA peke yake sio hukumu, kuna mashirika madogo ya ndani hayajaingia tu. Kukosekana IOSA na kuwepo kwenye orodha ya marufuku ni jambo lingine.

## Hatua ya 4: Tafuta bei halisi, ya kila shirika

Hapa ndipo wengi wanaanguka kwahiyo nitakaa kidogo.

Chora jedwali. Kila shirika mstari mmoja, na safu hizi: nauli, begi la kabini (unaloingia nalo kwenye ndege), begi la chini (unalokabidhi liende sehemu ya mizigo), kiti, cheki-in (kuthibitisha unasafiri na kupata pasi ya kupandia), ada ya kadi, usafiri kwenda kiwanjani, usafiri kutoka kiwanjani, jumla. Alafu nenda websaiti ya shirika lenyewe ufanye kama unanunua kweli, bonyeza hatua zote mpaka ukurasa wa mwisho kabla ya malipo. Usiamini ukurasa wa ada peke yake, mara nyingi unaandika "kuanzia kiasi fulani mpaka kiasi fulani" na wewe unataka ada ya njia yako na tarehe yako.

Begi ndio mahali pa kwanza pa kuchunguza. Nauli ya chini kabisa kwenye mashirika mengi ya bei ndogo inakupa kibegi kimoja tu cha kuingia chini ya kiti cha mbele, na vipimo havifanani. easyJet wanaruhusu 45 x 36 x 20 sentimita, Wizz Air 40 x 30 x 20. Begi lililopita bila shida kwa mmoja linaweza kulipiwa kwa mwingine wiki hiyohiyo. Na kuna wanaojali kilo kuliko ukubwa, AirAsia wanakuruhusu vipande viwili vya kabini lakini kwa pamoja visizidi kilo 7, na kilo 7 zinaisha haraka ukishaweka laptop na viatu.

Jina kubwa nalo sio dhamana. Mashirika makubwa yameiga, yana nauli yao ya chini iliyonyolewa: Lufthansa Economy Light haina begi la chini, na United Basic Economy kwenye safari nyingi za ndani ya Marekani haikupi hata begi la kabini la kawaida, ni kibegi kidogo tu. Southwest waliokuwa wanajulikana kwa mabegi mawili ya bure nao walianza kutoza kwa tiketi zilizokatwa kuanzia 28 Mei 2025. Kama unakumbuka sheria ya shirika tokea safari yako ya mwisho, isome upya.

Kitu kingine, begi linapanda bei kadri unavyochelewa. Ukilinunua pamoja na tiketi ni nafuu, ukiongeza baadae ni ghali zaidi, ukifika kaunta zaidi tena, na getini ndio ghali kuliko kote. Amua ukiwa nyumbani. Mkiwa wawili, hesabu begi moja la chini la kugawana badala ya mabegi mawili ya kabini, mara nyingi linatoka nafuu, mradi begi moja lisipite kilo mlizolipia. Na hata ukilipia uzito wa ziada, begi moja likizidi kilo 32 mashirika mengi hayalipokei, gawa.

Kiti sasa. Ukiona ramani ya viti imekuja katikati ya malipo, jua kwa kawaida sio lazima, unaweza kupita utapangiwa bure wakati wa cheki-in. Lipia kama lazima mkae pamoja au miguu yako ni mirefu. Kwenye ndege nyingi za nauli ndogo umbali wa kiti hadi kiti ni kama inchi 28 hadi 30, yaani sentimita 71 hadi 76, wakati mashirika ya kawaida yanakaa inchi 31 hivi, sentimita 79. Kwa saa moja utavumilia. Kwa masaa sita fikiria tena.

Tuchukue mfano, usiangalie hela ya nchi gani, chukua nauli ya kwanza kuwa 100. Shirika A nauli 100, begi la kabini 55, basi la kutoka kiwanja cha mbali 35, jumla 190. Shirika B nauli 165, begi limo ndani, treni 10, jumla 175. Yule aliyeonekana ghali kwa 65 katoka rahisi kwa 15. Sasa toa begi, unasafiri na kibegi cha mgongoni tu: A anabaki 135, B bado 175, na A kashinda vizuri tu. Ndio maana ushauri wa rafiki yako aliyesema shirika fulani ni rahisi haukusaidii, kwa sababu begi lake sio begi lako.

Ukijaza jedwali vizuri, mara nyingi utakuta angalau mashirika mawili yamebadilishana nafasi. Yasipobadilishana kabisa, rudi uangalie kama hujasahau safu ya usafiri.

## Hatua ya 5: Kagua kiwanja na saa

Soma herufi tatu za kiwanja, usisome jina la mji. Paris Beauvais (BVA) iko kama kilomita 85 kutoka Paris. Frankfurt Hahn (HHN) iko kama kilomita 120 kutoka Frankfurt. London ina viwanja kadhaa, Istanbul ina IST upande wa Ulaya na SAW upande wa Asia. Hakuna anayekudanganya, jina la mji linatumika kwa soko, kazi ya kusoma herufi ni yako.

Alafu saa. Ndege ya saa kumi na mbili asubuhi inataka uwe kiwanjani saa kumi alfajiri, saa ambayo treni na mabasi mengi hayajaanza. Kwahiyo weka teksi kwenye jedwali, au hoteli, au usiku wa kulala kwenye viti kama mwili wako unaweza. Ndege inayotua usiku sana hivohivo, uliza basi la mwisho linaondoka saa ngapi na kama ndege ikichelewa saa moja utalikuta.

Ila alfajiri ina faida yake moja ya kweli: ndege ya kwanza ya siku mara nyingi imelala palepale, haijabeba ucheleweshaji wa safari zilizotangulia. Mashirika ya nauli ndogo yanazungusha ndege moja safari nyingi kwa siku, kukiwa na kuchelewa kidogo asubuhi, jioni kumekuwa kukubwa. Kama una jambo lisilosubiri, teksi ya alfajiri inaweza kuwa hela uliyoitumia vizuri kuliko zote.

## Hatua ya 6: Fikiria siku mbaya

Hii hatua ndio inayotenganisha tiketi rahisi na tiketi inayoonekana rahisi, na karibu kila mtu anairuka.

Mi mwenyewe niliwahi kukata tiketi ya shirika lililokuwa linaruka njia yangu mara mbili kwa wiki. Nauli ilikuwa nzuri sana. Siku ya safari ndege ikapata hitilafu, ikafutwa, tukaambiwa tutapelekwa na inayofuata, na inayofuata ilikuwa siku nne mbele. Nilichookoa kwenye nauli kiliisha usiku wa kwanza wa hoteli, na nilichokuwa nawahi kikapita. Wenzangu waliopanda shirika lingine lenye safari tatu kwa siku nao walifutiwa wiki hiyohiyo, wakaondoka jioni yake.

Kwahiyo kwa kila shirika lililobaki jibu haya:

Linaruka njia hii mara ngapi? Fungua websaiti yao, tembea wiki nzima. Safari nyingi kwa siku ni bima ambayo huilipii. Safari moja kwa wiki ni bahati nasibu kwa mwenye haraka.

Namba hii ya ndege inachelewa kiasi gani? Flightradar24 na FlightAware zinaonesha namba ya ndege yako ilifika saa ngapi siku zilizopita, bure kwa siku kadhaa za nyuma. Angalia kwa wiki mbili huku bado unafikiria. Ujue kwenye takwimu za anga ndege iliyochelewa chini ya dakika 15 inahesabiwa imewahi, kwahiyo usitegemee asilimia wanazotangaza, angalia masaa yenyewe.

Ikichelewa au kufutwa, sheria inakupa nini? Hapa kuna tofauti kubwa sana. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inagusa ndege yoyote inayoondoka Umoja wa Ulaya, na inayoingia ikiwa ya shirika la Umoja wa Ulaya. Ukifika umechelewa masaa 3 au zaidi kwa sababu iliyo ndani ya uwezo wa shirika, unaweza kudai euro 250 kwa safari ya mpaka kilomita 1,500, 400 kwa za katikati, na mpaka 600 kwa zinazozidi kilomita 3,500. Hata kama sababu ni hali ya hewa na fidia haipo, chakula na malazi wakati unasubiri ni jukumu lao. Uingereza wana sheria inayofanana. Marekani ni tofauti, ndege ikifutwa na ukakataa mbadala unarudishiwa nauli, lakini hakuna fidia ya hela iliyowekwa kisheria kwa kuchelewa. Njia moja, mashirika mawili, haki zinaweza kutofautiana kwa sababu tu ya shirika limesajiliwa wapi, na hiyo ina thamani, iandike pembeni ya jedwali.

Shirika lina afya? Mashirika yanakufa, na yakifa hayaagi. Monarch ya Uingereza ilisimama 2 Oktoba 2017, WOW air ya Aislandi 28 Machi 2019, Flybe 5 Machi 2020, PLAY nayo ya Aislandi 29 Septemba 2025. Abiria walikuta safari zimefutwa. Tafuta habari za shirika za miezi mitatu iliyopita: wanapunguza njia ghafla? Wanarudisha ndege walizokodi? Wafanyakazi wanadai mishahara? Ukiona mawili ya hayo, usilipe tiketi ya miezi nane mbele hata iwe nusu bei. Na ukilipa, lipa kwa kadi ambayo benki yake inakubali madai.

Sasa weka alama tatu kwa kila shirika: kama unaweza kubeba siku yake mbaya, kama utaumia ila utapona, au kama huwezi kabisa. Lililo kwenye kundi la tatu likate, bei yake isikurudishe.

## Hatua ya 7: Kama kuna kuunganisha ndege, soma hii mara mbili

Kuna tiketi moja yenye ndege mbili, na kuna tiketi mbili zilizowekwa pamoja zionekane moja. Kwenye tiketi moja, ndege ya kwanza ikichelewa ukakosa ya pili, shirika linakutafutia nyingine. Kwenye tiketi mbili hakuna unayemdai, umekosa, nunua upya. Baadhi ya mitandao inauza hizi za pili kwa bei ya kuvutia na inaweka maandishi madogo kwamba utahamisha mzigo mwenyewe. Ukiona maneno hayo, simama.

Kuhamisha mzigo mwenyewe maana yake unatoka nje, unachukua begi, unalipeleka kaunta upya. Kutoka nje ya eneo la abiria wanaopita ni kuingia nchini, na kuingia nchini ni viza. Watu wamezuiwa kupanda ndege ya kwanza kabisa kwa sababu hawana viza ya nchi ambayo hawakupanga hata kuitembelea.

Hata kwenye tiketi moja kuna mitego. Marekani hakuna kupita bila uhamiaji, kila abiria anaingia nchini hata kama anasubiri masaa mawili tu. Na ukipita viwanja viwili vya eneo la Schengen (nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao) mfululizo, ile ndege ya katikati inahesabika kama ya ndani, maana yake umeingia Schengen na unahitaji viza yake. Hakiki kwa ubalozi, au kwa Timatic ya IATA, mfumo ambao mashirika yenyewe yanautumia kaunta kuamua unapanda au hupandi.

Ukiamua kujiunganishia mwenyewe, na viza unayo, acha masaa matano angalau kati ya ndege mbili, na iwe kiwanja kilekile, sio mji uleule. Mi naona kulala usiku mmoja katikati ni bora zaidi kama jambo unalowahi ni zito.

Soma pia mstari unaosema ndege inaendeshwa na nani. Unaweza kununua kwa shirika kubwa ukapanda ndege ya lingine, na vipimo vya begi na cheki-in vikawa vya huyo mwenye ndege.

## Hatua ya 8: Lipa, na lipa mahali sahihi

Tafuta popote, ila lipa kwa shirika lenyewe. Tofauti ikiwa ndogo, usifikirie mara mbili. Wakala wa mtandaoni akikosea imeli yako hutapata taarifa ya mabadiliko, na ukitaka kurudishiwa hela shirika litakwambia ongea na uliyemlipa, na uliyemlipa atakwambia tunasubiri shirika. Wakala ana maana pale anapokupa unafuu mkubwa kweli au anapounganisha tiketi moja ambayo mwenyewe huwezi.

Kabla ya kubonyeza:

- Jina kama pasipoti. Kurekebisha jina kwenye mashirika ya nauli ndogo kunaweza kuzidi bei ya tiketi.
- Ondoa vyote vilivyoongezwa pembeni: bima, kupanda mapema, ujumbe wa simu. Soma bima kabla hujaikataa au kuikubali, usiamue kwa sababu kitufe kina rangi.
- Ukiulizwa ulipe kwa sarafu ya kadi yako au ya shirika, linganisha na kiwango cha benki yako. Kiwango anachokupa muuzaji mara nyingi ni kibaya.
- Angalia tarehe mara mbili, hasa ndege za saa sita usiku na dakika kadhaa. Saa sita na nusu usiku wa tarehe 12 ni usiku wa kuamkia 12, uwe kiwanjani tarehe 11.

Kwa safari za kwenda, kutoka au ndani ya Marekani, ukinunua kwa shirika lenyewe angalau siku 7 kabla, una haki ya kughairi bure ndani ya masaa 24 (au kushikiliwa bei masaa hayohayo, kutegemea shirika). Tumia hayo masaa kusoma tiketi upya ukiwa umetulia.

Umefaulu ukipokea imeli yenye namba ya uthibitisho, na hiyo namba ukiiingiza kwenye websaiti ya shirika safari inafunguka na begi ulilolipia linaonekana. Kama haifunguki ndani ya siku moja, usisubiri, wapigie.

## Hatua ya 9: Baada ya kulipa

Weka kengele ya cheki-in kwenye simu. Ryanair wanafunga ya mtandaoni masaa 2 kabla ya ndege, Wizz Air masaa 3, na ukifika kaunta bila kuifanya unalipishwa ada ambayo inauma. Tokea 12 Novemba 2025 Ryanair wanatumia pasi ya kupandia ya kwenye apu yao, karatasi uliyochapa nyumbani haitoshi tena, kwahiyo simu iwe na chaji.

Kama pasipoti yako sio ya Ulaya, kuna mashirika ya huko, Ryanair wakiwemo, wanataka upite kaunta wakague viza na kuhakiki pasi yako ya kupandia kabla hujaenda kwenye ukaguzi wa usalama, hata kama huna begi la kukabidhi. Wengi wanaliona sharti hili wakiwa wameshafika getini, na muda wa kurudi haupo. Nenda mapema, pita kaunta kwanza.

Pima begi tena usiku wa mwisho, maana zawadi na chaja zinaingia dakika za mwisho. Liweke chini, lisimame lenyewe bila kubinywa, pima. Likikaa ndani ya vipimo ukiwa nyumbani, litaingia kwenye kile kisanduku cha kupimia getini.

Ukikabidhi begi, piga picha begi lenyewe na kile kikaratasi chenye namba. Likipotea au likivunjika, toa taarifa kaunta ya mizigo kabla hujatoka kiwanjani na uondoke na karatasi ya taarifa hiyo. Kwa safari za kimataifa zilizo chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, malalamiko ya begi lililoharibika yanatakiwa yaandikwe ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea, na ya begi lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Ukiandika imeli siku ya nane kwa begi lililovunjika, hata kama una picha zote, wana haki ya kukukatalia.